Hivi ofensi ya kikapu ipitie kwa senta au hayo mambo yalishapitwa? Njooni tubishane kwa hoja

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Kuna kitu kinanishangaza kila nikipita kwenye mijadala ya kikapu. Mtu anakwambia zama za senta (yule mrefu wa chini ya ringi) zimeisha, mpira wa sasa ni magadi (wale wanaopandisha mpira) na kupiga tatu (mitupo ya mbali ya pointi 3), ukimaliza kumsikiliza unakuta huyo huyo anamsifia Nikola Jokić wa Denver mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Sasa tushike lipi? Jokić sio senta? Au kwa vile hapendi kudanki basi tumemvua cheo?

Msimamo wangu nauweka mapema ili msije mkasema nazunguka. Ofensi (ushambuliaji) kupitia kwa senta ni kitu kitamu kuliko vyote ukiwa na mtu sahihi, na ni sumu ukiwa na mtu ambaye siye, na tofauti ya hao wawili sio urefu wala misuli wala pointi anazofunga, ni wapi anapokea mpira na akishaupokea anaona nini.

Tuanze na wazee. George Mikan pale Minneapolis Lakers alikua anasumbua watu chini ya ringi mpaka ligi mwaka 1951 ikalipanua lile eneo la ndani kutoka futi 6 kwenda futi 12, ili tu asiweke kambi pale. Akaja Wilt Chamberlain, 1964 wakalipanua tena mpaka futi 16. Yani mistari ya uwanja imechorwa upya mara mbili kwa sababu ya masenta, alafu mtu anakuja hapa anasema senta hana umuhimu.

Ila huyo huyo Wilt ndo anaonyesha tatizo liko wapi. Msimu wa 1961-62 wastani wake ulikua pointi 50.4 kwa mechi, na Machi 2, 1962 akafunga 100 kule Hershey, Pennsylvania. Mwisho wa msimu? Boston ya Bill Russell ikamtoa yeye na timu yake kwenye mechi ya 7 (ile ya mwisho ya kuamua nani anapita). Mpira ulikua unaenda kwake na haurudi. Mwaka 1967 akiwa 76ers kocha Alex Hannum akamwambia mzee punguza kufunga, gawa. Wastani ukashuka hadi 24.1, asisti (pasi za kufungisha) zikapanda hadi 7.8, wakabeba ubingwa. Msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa jumla ya asisti, 702. Mtu yule yule na mwili ule ule, kilichobadilika ni mpira ukifika kwake unatoka.

Wa pili ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos. Houston Rockets ya 1994 na 1995 ilikua rahisi kuielewa hata kwa mtu asiyejua kikapu: mpe Hakeem mpira chini, wazungushe mashuta wanne nje, kina Kenny Smith, Horry, Elie na wenzao, alafu mwambie mpinzani achague kifo chake. Ukimwacha Hakeem na mtu mmoja anakuchezesha disko (muulizeni David Robinson, MVP yani mchezaji bora wa msimu wa 1995, alivyofanywa kwenye ile fainali ya Magharibi). Ukileta wawili mpira unaruka nje. Mechi ya 1 ya fainali ya 1995 Kenny Smith peke yake alipiga tatu 7. Orlando ya senta Shaquille O'Neal (Shaq) ikafagiliwa 4-0.

Sasa kwa nini hiyo ilikufa? Watu wengi wanasema ni Stephen Curry, gadi wa Warriors, na tatu zake. Curry alikuja kumalizia tu. Kwanza ilikua sheria. Zamani NBA ilikua huruhusiwi kukaba eneo, lazima uwe na mtu wako au uende moja kwa moja kumdabo (kumkaba wawili) mwenye mpira, kukaa katikati katikati unapigiwa filimbi. Kwahiyo senta akipewa mpira posti (karibu na ringi, kaipa mgongo) anajua kabisa wa pili akija anatokea wapi, anamuona anavyokuja toka mbali. Msimu wa 2001-02 wakaruhusu kukaba eneo, na kuanzia hapo mtu anaweza kusimama mbele ya senta kuzuia pasi huku mwingine amejibanza nyuma anasubiri, hajamdabo mtu lakini yupo. Pasi ya kuingia posti ikawa kazi ngumu, sekunde za shambulizi zinaenda, senta anapokea zimebaki 8, mgongo umegeukia ringi, haoni nusu ya uwanja.

Ongeza hesabu. Timu inayopiga tatu kwa asilimia 36 inapata pointi 1.08 kwa kila mtupo. Senta anayepiga posti kwa asilimia 50 anapata 1.00, na hapo sijatoa mipira anayopoteza akidabiwa. Kocha yeyote anayejua kujumlisha ataona.

Lakini hiyo hesabu inaua POSTI, haimuui SENTA. Hapo ndo watu wanachanganya.

Mwangalieni Jokić anapokea wapi. Mara nyingi ni kwenye ile kona ya mstari wa mitupo huru, kifua kimeelekea ringi. Chukua shambulizi moja la Denver. Jokić kasimama pale na mpira juu ya kichwa. Jamal Murray anatoka kona anakuja mbio kama anaenda kupokea mkononi. Beki wa Murray akipita juu, akamfuata kwa nyuma, Murray anakunja kuingia ringini na beki yupo mgongoni. Akikata kwa chini, Murray anasimama nyuma ya mwili wa Jokić anapiga mtupo bila bughudha. Wakibadilishana watu, Jokić kabaki na kafupi. Na yule beki wa Jokić akiruka kumzuia Murray, Jokić hatoi, anaubakiza mpira, dribo moja, kale kamtupo kake kama anatupa taka, au lobu (pasi ya juu) kwa Aaron Gordon aliyejificha pembeni ya ringi. Hayo yote ndani ya sekunde 2 na maamuzi yote anafanya senta, kwa vile ndo mtu pekee anayeuona uwanja mzima na hakuna wa kumpita kwa urefu kumziba macho.

Ndo mana 2023 walichukua ubingwa wakimpiga Miami 4-1, na Jokić akawa mtu wa kwanza kuongoza pleiofu (mtoano wa mwisho wa msimu) nzima kwa jumla ya pointi, ribaundi (mipira ya kuokota mtupo ukikosa) na asisti kwa pamoja. Msimu wa 2024-25 akamaliza na wastani wa tripo dabo, pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, hakuna senta aliyewahi. Huyu alichaguliwa namba 41 mwaka 2014. Timu nyingi zilimpita, Denver yenyewe ilichagua wengine kabla yake.

Kwahiyo swali langu kwenu: hii ni njia ambayo timu nyingine inaweza kuifuata au ni Jokić tu na akistaafu tunafunga duka?

#2

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endeleeni.

#3

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeruka kitu kikubwa, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Gadi anaanza na mpira mkononi. Senta lazima aletewe. Hiyo tofauti ndogo ndo kila kitu kwenye pleiofu. Mechi ya 7 Denver na OKC (Oklahoma City) mwaka 2025, OKC walimuweka nani kwa Jokić? Alex Caruso. Mtu wa futi 6 na inchi 5 anamkaba mtu wa karibu futi 7! Na hakumkaba akishapokea, alimkaba ASIPOKEE. Anamzunguka mbele, anamvuta, anamsukuma, anamning'inia, Jokić anahangaika kupata tu mpira na akiupata yupo mbali na ringi na amechoka. Mwisho 125-93. Mia moja ishirini na tano kwa tisini na tatu, mechi ya 7.

Jaribu kumzuia Shai Gilgeous-Alexander, gadi wa OKC, asipokee mpira. Huwezi, yeye ndo anaupandisha. Utamdabo nusu uwanja? Sawa, atatoa mapema na mnacheza wanne kwa watatu.

Na angalia mabingwa. Warriors 2015, 2017, 2018, 2022, wote ni Curry. Boston 2024 watano wote nje. OKC 2025. Denver ni mmoja tu hapo katikati, na mmoja haufanyi utaratibu. Mkuu unatetea mtu mmoja kwa jina la nafasi nzima.

#4

#3 nakazia. Senta apige skrini (amzibie njia beki), arudi ringini, adanki, akachukue ribaundi. Mambo ya kumpa mpira agawe ni kutafuta kupoteza mipira. Nilicheza kikapu shule na senta wetu alikua akipewa mpira anashika kama ameshikishwa mtoto wa mtu.

#5

Wasee wa Bongo mambo? Wacha niingie kutoka huku Nairobi.

Mimi nilikua naamini hii kitu ya hub senta (senta ambaye mpira wote unapitia kwake) mpaka nikaona Sacramento. 2022-23 Kings walikua ofensi namba moja ya ligi yote, na kila kitu ilikua inapitia kwa Domantas Sabonis. Kama pointi 19, ribaundi 12, asisti 7 kila mechi. De'Aaron Fox na Kevin Huerter walikua wanamkimbilia tu pale juu wanapewa mpira mkononi, ilikua inapendeza kuangalia bana, watu wa Sacramento walikua wamekaa miaka 16 bila pleiofu na sasa wanawasha taa ya zambarau angani kila wakishinda.

Pleiofu ikafika, Warriors. Kevon Looney akafanya kitu moja simple sana. Akarudi nyuma. Sabonis anasimama pale juu na mpira, Looney ako hatua tatu mbali, karibu na ringi, anamwambia piga basi. Na Sabonis hapigi. Sasa ile kukabidhiana mpira yote ikaharibika, kwa sababu Looney akiwa nyuma hakuna nafasi ya kukata, wale wanaokimbia kuingia ndani wanampata yeye amesimama mlangoni. Mechi ya 7 Looney akachukua ribaundi 21, Curry akaweka 50, Kings wakatolewa.

So mimi nauliza mleta uzi, hiyo formula yako ya "anapokea wapi na anaona nini", Sabonis alikua anapokea pale pale na anaona kila kitu. Mbona ikakataa?

#6 (mleta uzi)

Ahsanteni, sasa huu ndo mjadala. Naanza na wa Nairobi mana swali lake ndo gumu.

Sabonis anaona, kweli, damu ya baba yake Arvydas ile, ila mkabaji wake alikua hana sababu ya kutoka. Hub akishakua mtu ambaye unaweza kumwachia nafasi, wale wenzake wote wanne wamekabwa na watu watano. Jokić msimu wa 2024-25 alipiga tatu kwa asilimia 41.7. Ukirudi nyuma kwa Jokić hatua tatu anakuangalia kidogo kama anakuonea huruma alafu anapiga. Kwahiyo naongeza sharti, sio nabadilisha: apokee juu, aone, na UMUOGOPE akiwa pale. Asiyeogopwa akiwa juu asipewe funguo za ofensi nzima, mpe dakika chache za hiyo kazi na zinazobaki apige skrini. Kwenye msimu wa kawaida atakushindia mechi nyingi kwa sababu wapinzani hawana muda wa kujiandaa kwa ajili yako tu, pleiofu wana wiki mbili wanakuangalia wewe peke yako.

Sasa #3. Hoja ya kuletewa mpira ni hoja nzuri na siikatai, gadi anaanza nao. Ila umesema Denver ni mmoja tu. Ngoja nikuulize, ofensi ya Warriors ilikua inapitia kwa nani?

Usiseme Curry haraka haraka. Msimu wa 2015-16 walioshinda mechi 73, aliyeongoza timu kwa asisti ni Draymond Green, 7.4 kwa mechi, Curry alikua nyuma yake. Na zile dakika walizokua wanaogopwa, kile kikosi walichomtoa senta wao Bogut wakamuingiza Iguodala kwenye fainali ya 2015, senta alikua nani? Draymond huyo huyo, futi 6 na inchi 6. Timu zinamdabo Curry juu, Curry anampa Draymond katikati pale kwenye mstari wa mitupo huru, anageuka, wanne kwa watatu, anachagua: lobu, kona, au mwenyewe. Hiyo ni ofensi inayopita kwa senta! Ila kwa sababu ni mfupi na hapigi posti hakuna aliyemwita senta. Na yeye hakua anaogopwa kwa kupiga, wewe wa Nairobi unaweza kunirukia hapo, ila hakuhitaji, mana aliyeogopwa ni Curry na mabeki wawili walikua tayari wameshamfuata Curry kabla Draymond hajagusa mpira.

Hata OKC unaowasifia, Isaiah Hartenstein anafanya nini pale katikati? Anapokea, anagawa, anarusha kamtupo kafupi. Bingwa ana senta anayepasi.

Kwahiyo sio Jokić tu. Ni mpira kugusa mtu wa katikati ambaye anaona pande zote mbili.

#7

Duh Draymond senta hub. Hiyo sikuwahi kuifikiria hivo.

#8

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi. Umefika sehemu ukaibadilisha maana. Kichwa cha uzi kinauliza ofensi IPITIE kwa senta, maana yake yeye ndo mwanzo, ndo anaamua. Draymond alikua kituo cha pili baada ya Curry kuvuta watu. Hartenstein vivyo hivyo. Kama kila senta anayegusa mpira unamhesabia basi hata Gobert, senta wa kudanki tu, ni hub, akipewa lobu si kagusa?

Tukibaki kwenye maana halisi, mtu ambaye bila yeye hakuna kinachoanza, naona Hakeem, Shaq, Jokić, Embiid. Na Embiid mnamkwepa wote. MVP wa 2023, mfungaji bora mara mbili, Philadelphia wamempitishia kila kitu miaka yote na hawajawahi kuvuka raundi ya pili. Hawajawahi. 2019 Kawhi Leonard wa Toronto na ule mpira uliodunda ringi mara nne, 2021 Atlanta, 2023 Boston. Huyo anaogopwa juu, anaogopwa chini, mitupo huru anaweka. Mbona haikuleta ubingwa?

#9

#8 Embiid tatizo lake ni mwili, kila pleiofu anaingia na jeraha, goti, uso, kidole gumba. Usimhukumu kwa mfumo.

#10

Mwili ni sehemu ya mfumo mkuu. Mtu wa kilo zaidi ya 120 ukimpa mpira kila shambulizi, asukumane posti, alafu arudi kulinda ringi upande wa pili, mwezi wa 5 anafika hoi. Gadi anapumzika akiwa kwenye difensi anamkaba mtu wa kona. Senta hana pa kupumzikia. Hapo ndo hoja ya kweli dhidi ya ofensi ya senta na hakuna aliyeitaja, mnabishana asisti.

#11 (mleta uzi)

#10 hiyo hoja ni kubwa kuliko zote humu ndani, heshima kwako. Na inanisaidia mimi vilevile. Embiid na Shaq kazi yao ilikua kupigana. Kila shambulizi mwili kwa mwili. Shaq alichukua matatu mfululizo 2000 mpaka 2002 ndani ya ule mfumo wa pembetatu wa Tex Winter na Phil Jackson, ila alikua anapigwa kila usiku, na dakika za mwisho ikawa wanamfanyia faulo makusudi kwa sababu mitupo huru alikua anaweka kwa asilimia 52.7 tu. Hub ambaye dakika za mwisho unatamani asiguse mpira, hiyo ni shida, na Lakers walikua na Kobe wa kumalizia.

Jokić hapigani sana. Anasimama, anagawa, watu wengine ndo wanakimbia. Ukimuangalia vizuri utaona kazi ya miguu wanaifanya kina Murray na Gordon. Hiyo njia inatunza mwili, mtu ambaye haruki anacheza karibu kila mechi.

Kuhusu Embiid nina jibu lingine, na mashabiki wa Philly msinitukane. Alikua anafunga kupita kawaida ila pasi zake nyingi zilikua za kujiokoa, yani kadabiwa ndo anatafuta pa kuutupa. Pasi ya Jokić inatoka KABLA ya dabo. Ukishasubiri wawili wafike, wale wengine watatu wameshajipanga kuziba njia. Kwenye robo ya nne ya pleiofu hiyo nusu sekunde ndo mechi yenyewe.

Na #8 nakukubalia hili, Draymond alikua wa pili kwenye mnyororo. Ila nakuuliza, kocha wa kawaida anayetafuta kushinda anahitaji kipi? Anahitaji jina la nani ni wa kwanza au anahitaji mabeki wachanganyikiwe?

#12

Kwetu hapa mnamsahau Hasheem Thabeet. Namba 2 mwaka 2009, Memphis, mbele ya Harden aliyekua namba 3 na Curry namba 7. Mtanzania! Senta wa futi 7 na inchi 3. Kwa nini hawakupitishia mpira kwake?

#13

#12 na unajua aliyekua anaanza pale Memphis nafasi yake ni nani? Marc Gasol. Mmoja wa masenta wenye pasi nzuri kabisa, anasimama kwenye kona ya mstari, anauficha mpira nyuma ya ule mwili, anasubiri mtu akate. Haruki hata karatasi haipiti chini ya viatu. Thabeet alichaguliwa kwa kuzuia mitupo, alivyofanya chuoni UConn ilikua balaa, ila kikapu alianza akiwa kijana mkubwa tayari na mikono ya kugawa mpira haijengwi ghafla. Ukitaka kuelewa huu uzi waweke hao wawili mazoezini pamoja, mrefu zaidi na mwenye kuruka zaidi ndo aliyekaa benchi.

#14

Hapo ndo mnagusa tatizo la huku kwetu. Nenda uwanja wowote wa kikapu Dar jioni, kijana mrefu akifika tu anaambiwa nenda chini ya ringi, inua mikono, usidribo, ukipata mpira mpe gadi. Miaka inapita, anakua na futi 6 na inchi 9 na hajawahi kupiga pasi ya kudundisha kwa mtu anayekata. Alafu tunasema masenta wetu hawana akili ya mchezo. Wataitoa wapi na mpira wenyewe wanaruhusiwa kuushika sekunde 1?

Waserbia wanawafundisha wote pasi kwanza, mrefu kwa mfupi. Ndo mana kabla ya Jokić kulikua na Vlade Divac, yule wa Sacramento ya 2002 na Chris Webber, mpira ulikua unapita kwao pale juu na watu wanakata mgongoni, mzee Pete Carril alikua kwenye benchi na ile ofensi yake ya Princeton. Walifika mechi ya 7 na Lakers.

#15

Sasa #14 umesema Serbia, tukumbushane Paris 2024. Nusu fainali, Serbia inaongoza Marekani kwa pointi 17. Timu ya LeBron, Curry, Durant, wote. Na Serbia mpira unapita kwa nani? Jokić, asisti 11. Wachezaji wengi wa Serbia hawapo hata NBA lakini walikua wanapiga mitupo ya wazi kama mazoezini.

Halafu Curry akaweka 36 wakapigwa 95-91. Mimi nachukulia ile mechi inajibu pande zote mbili za huu uzi, senta anakupa mitupo mizuri kwa muda mrefu, ila dakika 3 za mwisho watu wameshakusoma unahitaji mtu wa kutengeneza mtupo kutoka kwenye hewa, na huyo kwa kawaida ni gadi.

#16 (mleta uzi)

#15 hiyo nusu nakubali nusu nakataa. 2023 dakika za mwisho za Denver ilikua ni Murray na Jokić wawili tu, kama nilivyoeleza kule juu. Mechi ya 3 ya fainali wote wawili walipata tripo dabo zenye pointi 30 na kuendelea, 34 na 32, haijawahi kutokea kwa wenzi wa timu moja. Sasa hapo mpira umepitia kwa senta au kwa gadi? Wote. Ukimdabo Murray anaupata Jokić, ukimdabo Jokić anaupata Murray. Denver walipofungwa na Minnesota mechi ya 7 mwaka 2024, nyumbani kwao wakiongoza kwa 20, hao wawili walikua na 34 na 35, waliobaki ndo walizima. Unaweza kuwa na hub bora duniani, watu wakikosa mitupo ya wazi hakuna mfumo.

Na ile kipigo cha OKC, mkumbuke Gordon alicheza na msuli wa paja umechanika. Yule ndo anapokea zile lobu. Caruso alimsumbua Jokić sana, kweli, lakini Caruso anaweza kumkaba mbele kwa sababu nyuma hakuna hatari. Gordon mzima, ukimkaba Jokić kwa mbele, mpira unapita juu kwa Gordon na Gordon anamlisha Jokić au anamaliza mwenyewe. Walifanya hivo sana kwa Lakers 2023, pale Hachimura alipowekwa kwa Jokić na Anthony Davis akiwa nyuma. Lakers walifagiliwa 4-0.

#17

Mkuu una majibu kwa kila kitu, ukishindwa ni majeruhi 😂

#18 (mleta uzi)

Hahaha sasa msuli si kweli umechanika?

#19

Tuache hayo, la muhimu ni Wembanyama. San Antonio wampitishie kwa wapi? 2024-25 alikua anajaribu tatu karibu 9 kwa mechi, mtu wa futi 7 na inchi 4 anasimama nje kama shuta Klay Thompson. Wengine wanasema apelekwe posti. Mleta uzi kwa hoja zako unamuweka wapi?

#20 (mleta uzi)

Posti hapana, ni mwembamba, watamsukuma mpaka kwenye viti vya waandishi. Nje nako mara nyingi hivo unawapa mabeki likizo, mana kila akipiga kutoka mita 8 wameshashukuru hajaja ndani. Mimi namuweka katikati kabisa ya mstari wa mitupo huru, apokee akiwa ameshageuka, mkono ule ukiwa juu hakuna binadamu anayeufikia, na De'Aaron Fox akate kutoka upande wake wa kulia. Fox ameshaishi misimu ile na Sabonis, anajua kukimbilia mkono wa senta kuliko gadi yeyote pale San Antonio. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa ukirudi nyuma anakupigia usoni.

Shida ni pasi zake bado zinatoka zimechelewa, anasubiri amuone beki ameruka ndo atoe.

#21

Zimechelewa na anapoteza mipira mingi akiwa na mpira chini. Kwahiyo kwa masharti yako mwenyewe bado hajafaulu mtihani.

#22 (mleta uzi)

Sharti la kuogopwa kafaulu. La kuona anasoma. Wampe dakika 12 kwa mechi za kazi hiyo tu, zisizidi, zinazobaki Fox aendeshe. Ukianza na zote 35 unamuua kama #10 alivyosema.

#23

Dakika 12 za hub sawa, ila mitupo ya tatu mimi nampunguzia iwe 5. Na nani anasimama kona? Huwezi kumuweka katikati pale kama pembeni una watu wawili wasiopiga, utarudi kule kule kwa Looney.